Kituo cha mafuta kikifungwa, nani husimamia usafi wa maji ya ardhini?

Na Mwandishi Wetu

KITUO cha mafuta kinapofungwa, kazi inayoonekana kwa macho humalizika haraka. Pampu hung'olewa, paa huvunjwa, uwanja huzungushiwa mabati na baada ya miezi michache majirani huzoea kupita mahali hapo bila kusikia harufu ya petroli. Kwa watu wengi, habari ya kituo hicho huwa imekwisha.

Kwa wataalamu wa maji, hapo ndipo maswali huanza. Chini ya sakafu ile ya zege yalikuwapo matangi yaliyokaa ardhini kwa miaka mingi. Iwapo tangi lilitobolewa na kutu, au kiungo cha bomba kililegea, petroli iliyokuwa ikidondoka kidogo kidogo haikuondoka pamoja na pampu. Imo udongoni, na huenda imekwishafikia maji ambayo wakazi wa mtaa wa pili wanayavuta kwa kisima.

Linapotokea jambo hilo, swali kubwa huwa si la mitambo ya kusafishia tu. Ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba maji yamesafika, kwa kipimo gani, na nani anayeikagua kauli hiyo kabla jalada halijafungwa? Marekani, ambayo ilianza kulitungia sheria tatizo hili mwaka 1984, imekusanya uzoefu mrefu kuhusu swali hilo, wenye mafanikio na wenye makosa yaliyoigharimu miji yake.

Mji uliopoteza visima vyake

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Santa Monica, mji wa pwani ulio jirani na Los Angeles, katika jimbo la California. Kwa miaka mingi mji huo ulijitegemea kwa sehemu kubwa kwa maji ya visima vyake, hasa vile vya eneo la Charnock.

Mwaka 1995 vipimo vya kawaida vilionyesha kuwapo kwa kemikali ijulikanayo kwa kifupi MTBE katika visima hivyo. Mwaka uliofuata kiwango kilipanda hadi kufikia mikrogramu 610 kwa lita katika kisima kimojawapo. Ili kuelewa ukubwa wa kiwango hicho, inatosha kukumbuka kuwa mwaka 1997 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) lilishauri kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 20 hadi 40 kwa lita, ili yasiwe na ladha na harufu mbaya.

Katika mwaka 1996 mji ulivifunga visima vya Charnock, na hatimaye ukajikuta umepoteza takriban nusu ya maji yake. Ulilazimika kununua maji yaliyosafirishwa kutoka mbali, huku chanzo chake chenyewe kikiwa chini ya miguu ya wakazi bila kutumika.

MTBE haikuwa sumu iliyomwagwa na wahalifu usiku. Ilichanganywa katika petroli kwa idhini ya serikali. Ilianza kutumika Marekani mwaka 1979 ili kuchukua nafasi ya risasi, madini yenye sumu yaliyokuwa yakiongezwa kwenye mafuta. Miaka ya 1990 matumizi yake yaliongezeka, kwa kuwa ilisaidia petroli iungue vizuri zaidi na kupunguza moshi wa magari. Kilichosafisha hewa ya miji kikaja kuchafua maji yake.

Wachunguzi walipotafuta chanzo cha uchafu wa Charnock, walielekeza macho kwenye vituo vya mafuta na mabomba ya mafuta yaliyokuwa jirani. EPA na Bodi ya Mkoa ya Udhibiti wa Ubora wa Maji ya Los Angeles zilisimamia uchunguzi huo kwa pamoja, na kampuni za mafuta zikatakiwa kupima, kusafisha na kugharimia maji mbadala.

Petroli inavyosafiri ardhini

Ugumu wa kazi hiyo unatokana na jinsi petroli inavyotenda ikiwa ardhini. Inapovuja, hushuka kupitia udongo, na sehemu yake hunasa kati ya chembe za mchanga na udongo wa mfinyanzi. Inayobaki hufika kwenye uso wa maji na kuelea juu yake, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji.

Kutoka hapo, kemikali zilizomo ndani yake huanza kuyeyuka na kuingia katika maji. Mojawapo ni benzini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba kiwango chake katika maji ya kunywa kisizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kikomo cha kisheria cha Marekani ni mikrogramu 5, na California imekishusha hadi 1.

Maji ya ardhini hayajatulia kama maji ya mtungi. Husogea polepole kuelekea upande fulani, na uchafu husogea pamoja nayo kama moshi unaofuata upepo. Benzini hukamatwa kwa kiasi fulani na udongo, na bakteria waliomo ardhini huila pale hewa inapotosha. MTBE huyeyuka kwa urahisi zaidi, haishiki sana udongoni na huchukua muda mrefu kuvunjika. Kwa sababu hiyo hutangulia mbele ya kemikali nyingine na kufika visimani mapema.

Misimu nayo huongeza utata. Wakati wa mvua usawa wa maji hupanda, na wakati wa kiangazi hushuka. Petroli inayoelea hupanda na kushuka nayo, na kuupaka uchafu udongo wa juu na wa chini. Kisima kilichoonekana safi mwezi wa Septemba chaweza kutoa majibu tofauti mwezi wa Aprili. Kipimo kimoja, hata kikifanywa na maabara bora, hakitoshi kuthibitisha usafi.

Sheria iliyozaliwa baada ya madhara

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyoiagiza EPA kudhibiti matangi ya mafuta yaliyo ardhini. Wakati huo nchi ilikuwa na matangi ya aina hiyo zaidi ya milioni 2, mengi yakiwa ya chuma kisicho na kinga dhidi ya kutu.

Mwaka 1986 ulianzishwa mfuko maalumu wa kusafisha maeneo yaliyochafuliwa, unaochangiwa kwa kodi ya sehemu ya kumi ya senti ya dola kwa kila galoni ya mafuta, yaani karibu lita 3.8. Mwaka 1988 EPA ilitoa kanuni kamili, na wamiliki wakapewa miaka 10, hadi Desemba 22, 1998, kuyaboresha matangi ya zamani, kuyabadilisha au kuyafunga.

Kanuni hizo zinamtaka mwenye tangi atoe taarifa ndani ya saa 24 anapogundua au kushuku kwamba mafuta yanavuja. Anayetaka kulifunga tangi moja kwa moja hutakiwa kuiarifu mamlaka husika siku 30 kabla. Hawezi kulifunga na kuondoka. Ni lazima achukue sampuli mahali ambapo mafuta yangeweza kuvujia, na majibu yakionyesha uchafu, jalada la usafishaji hufunguliwa.

Kwa kawaida EPA haisimamii kila kituo. Kazi hiyo hufanywa na majimbo, nayo mara nyingi huigawa kwa ngazi za chini. Huko California, Bodi ya jimbo hilo inayodhibiti rasilimali za maji huweka sera, bodi 9 za mikoa hufuatilia maeneo yenye uchafu, na baadhi ya serikali za mitaa huwa na maofisa wao wenye majalada yao.

Kazi ya msimamizi

Ofisa anayesimamia jalada hashiki sepetu. Kwa kawaida mmiliki wa kituo, au aliyekimiliki uchafu ulipotokea, huajiri kampuni ya ushauri kuchimba, kupima na kusafisha. Msimamizi hupitia mipango kabla ya kazi kuanza, husoma ripoti na huamua kama ushahidi unatosha.

Hatua ya kwanza ni kuzuia uvujaji usiendelee na kuondoa petroli inayoelea. Hatua ya pili ni kuchimba visima vya uchunguzi, ambavyo ni vyembamba na havitumiki kwa kunywa. Kimoja huwekwa upande ambao maji yanatoka, vingine penye uchafu, na vingine mbele, upande ambao maji yanaelekea. Kwa kulinganisha majibu yao, wataalamu huchora ramani ya uchafu na kujua unaelekea kwa nani.

Hapa ndipo jicho la msimamizi lina thamani kubwa. Kampuni ya ushauri hulipwa na yule yule anayetakiwa kusafisha. Visima vikichimbwa pale tu panapotarajiwa majibu mazuri, ramani itaonyesha usafi usiokuwapo. Msimamizi anayeijua kazi yake huuliza kwa nini hakuna kisima katika kona fulani, na hukataa ripoti mpaka kichimbwe.

Hatua ya tatu ni usafishaji wenyewe. Udongo uliolowa petroli huweza kuchimbwa na kupelekwa kutibiwa. Mvuke wa petroli hunyonywa kutoka udongoni kwa mashine. Hewa hupulizwa ndani ya maji ili kuzitoa kemikali na kuwapa bakteria nguvu ya kufanya kazi. Pengine maji huvutwa juu, yakapitishwa katika makaa maalumu yanayonasa kemikali, kisha yakaachiliwa.

Mashine zikizimwa, kazi haijaisha. Mara nyingi uchafu ulionasa katika udongo wa mfinyanzi huanza kutoka tena taratibu, na vipimo vilivyokuwa vimeshuka hupanda upya. Kwa ajili hiyo wasimamizi hutaka upimaji uendelee baada ya mitambo kusimama. Anayefunga jalada siku mashine zinapozimwa hufunga jalada la mashine, na kuyaacha maji.

Mlipaji ni nani?

Msingi wa sheria hizo ni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Lakini vituo vingi vya zamani vilikuwa vya wafanyabiashara wadogo, na wengine walikuwa wamefariki au kufilisika uchafu ulipogunduliwa. Kanuni za Marekani kwa hiyo zinawataka wauzaji wa mafuta waonyeshe mapema kwamba wana uwezo wa kulipa, kwa bima au njia nyingine, hadi dola milioni 1 kwa tukio moja.

Majimbo mengi pia yana mifuko yao. Mfuko wa California ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1989, na huchangiwa na wenye matangi kwa kila galoni wanayohifadhi. Mwenye kituo akitimiza masharti, mfuko humrudishia sehemu ya gharama za kusafisha. Bila utaratibu huo, amri ya msimamizi ingebaki karatasi mbele ya mtu asiye na kitu.

Matokeo ya mfumo huo yanahesabika. Tangu ulipoanza, zaidi ya maeneo 500,000 yaliyochafuliwa na matangi yamekamilishiwa usafishaji nchini Marekani. Hata hivyo, zaidi ya miaka 35 baada ya kanuni za 1988, makumi ya maelfu ya majalada yalikuwa bado wazi.

Safi kwa kiasi gani?

Wingi huo wa majalada ndio uliozaa mjadala mgumu kuliko yote. Kusafisha tone la mwisho la petroli huweza kugharimu zaidi ya yote yaliyotangulia, na pengine haiwezekani. Je, jalada libaki wazi kwa miaka 30 zaidi, au lifungwe ilhali uchafu kidogo ungalimo?

Mwaka 2012 California ilipitisha sera inayoruhusu kufungwa kwa majalada ya maeneo yenye hatari ndogo. Masharti yake ya jumla ni pamoja na kuwa uvujaji umekoma, petroli inayoelea imeondolewa kadiri inavyowezekana, na eneo linahudumiwa na maji ya bomba ya umma.

Kwa upande wa maji ya ardhini, sera inataka eneo la uchafu liwe limetulia au linapungua. Katika mojawapo ya hali zinazokubalika, uchafu huwa haujaenea zaidi ya futi 100, yaani mita 30 hivi, na kisima cha karibu kiko zaidi ya futi 250, sawa na mita 76, kutoka ukingo wake.

Wanaoitetea sera hiyo wanasema fedha ni chache, na ni heri zitumike pale ambapo watu wako hatarini kweli. Bakteria, wanasema, watamalizia kilichobaki. Wanaoitilia shaka hujibu kwamba uchafu unaoachwa ni deni analorithi mtu mwingine, hasa yule atakayechimba kisima au kujenga nyumba mahali hapo baada ya miaka 20 bila kujua historia yake.

Pande zote mbili zina hoja. Linalozuia mjadala huo kugeuka kuwa udanganyifu ni uwazi. Sera hiyo inataka mamlaka za maji, wenye ardhi na wakazi wanaohusika waarifiwe na wapewe siku 60 za kutoa maoni kabla jalada halijafungwa. Aidha, kumbukumbu za maeneo hayo huwekwa katika hifadhi ya taarifa ya intaneti iitwayo GeoTracker, ambako mwananchi anaweza kutafuta mtaa wake na kusoma ripoti zile zile alizosoma ofisa.

Afrika Mashariki na visima vya mitaani

Masharti ya California yanaegemea jambo moja ambalo katika miji mingi ya Afrika Mashariki halipo: uhakika wa maji ya bomba. Jijini Dar es Salaam, visima vingi vilichimbwa baada ya ukame wa mwaka 1997, na tangu hapo familia, shule na misikiti imeendelea kuvitegemea pale bomba linapokauka. Mahali ambapo kisima kiko nyuma ya nyumba na kituo cha mafuta kiko mbele ya barabara, kipimo cha mita 76 kina maana nyingine kabisa.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, Namba 20 ya mwaka 2004, inatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na salama, na inaweka kanuni ya kwamba mchafuzi hulipa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za mabonde jukumu juu ya vyanzo vya maji, yakiwamo ya ardhini. Biashara ya mafuta nayo huwekwa chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inatoa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42. Wakazi wa Thange, katika Kaunti ya Makueni, walijifunza thamani ya haki hiyo kwa uchungu baada ya mafuta kuvuja kutoka bomba kuu mwaka 2015 na kuchafua maji waliyokuwa wakiyategemea. Lile lilikuwa bomba, wala si kituo, lakini ardhi haitofautishi.

Mamlaka zinapokuwa tatu, moja ya mazingira, ya pili ya maji na ya tatu ya mafuta, kuna hatari kila moja ikadhani kwamba mwenzake ndiye mwenye jalada. Leseni ya biashara humalizika siku kituo kinapofungwa. Uchafu hauna leseni. Fundisho la Marekani ni kwamba wajibu lazima uendelee baada ya biashara kufa, na awepo ofisa mmoja anayejulikana ambaye jalada haliwezi kufungwa bila saini yake.

Kwa mwananchi, yapo mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wake. Maji ya kisima yakianza kunuka petroli au kuonyesha utando wa rangi rangi, asiyanywe wala kuyapikia. Kuyachemsha si dawa, kwa kuwa mvuke wenye kemikali utasambaa jikoni. Inafaa atoe taarifa kwa ofisi ya mazingira na ya maji, na aombe kipimo cha maabara. Kukosekana kwa harufu pia si uthibitisho, kwa kuwa benzini inaweza kuvuka kikomo cha usalama kabla pua haijaitambua.

Anayenunua kiwanja kilichowahi kuwa kituo cha mafuta ana haki ya kuuliza matangi yalikwenda wapi, nani alipima udongo yalipoondolewa na majibu yalikuwa nini. Hati ya ardhi haitamwambia hayo.

Santa Monica ilisubiri. California iliamua mwaka 1999 kuiondoa MTBE katika petroli yake, na katazo likaanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2004. Kampuni za mafuta, zikiwamo Shell, Chevron na ExxonMobil, zilifikia makubaliano na mji huo, na ukalipwa zaidi ya dola milioni 100. Mtambo wa kusafisha maji ya Charnock kwa makaa maalumu ulikamilika mwishoni mwa mwaka 2010.

Kutoka siku visima vilipofungwa hadi siku maji yake yaliporudi mabombani ilipita miaka 14 na zaidi. Mtoto aliyezaliwa mwaka visima vilipofungwa alikuwa amekwishaingia sekondari. Huo ni mji wenye maabara, wanasheria na washitakiwa wenye fedha. Mtaa usiokuwa na hivyo vyote hauna budi kuanza mapema zaidi, kwa kuuliza siku ile ile pampu zinapong'olewa: jalada la maji haya liko kwa nani?